Kibao Chako Bado Kiko Mlangoni, Papa Rigobert

Jumamosi ya tarehe 9 Machi 2013 uliteremka kununua mkate, Papa. Leo mwaka umetimia, na bado tunaona kama habari imetufikia asubuhi hii.

Ulianguka mbele ya duka la mkate, karibu kabisa na nyumbani, mtaani kwetu Saint-Gilles. Daktari alisema ni moyo. Hatukuelewa. Miaka kumi na miwili uliingia chini ya bahari, katika njia ya treni inayokwenda Uingereza, kutunza pampu zinazotoa maji. Kila Jumatatu ulipanda treni hapo kituo cha Midi, Ijumaa ukarudi. Siku hizo zote, simu ikilia, Mama alikaa kwanza ndipo aipokee. Jumamosi hatukuwa na hofu. Jumamosi ulikuwa wetu.

Ulikuwa mpole na ulipenda utani. Mwanao Noé alipokuuliza kama huogopi bahari juu ya kichwa, ulimjibu: "Bahari iko pahali pake, miye niko pangu. Donc, basi, hatugombani." Mafundi wapya uliwapelekea sombe ya Mama, majani ya muhogo, uliyoibeba ndani ya kopo la siagi, ukawaambia ni dawa ya baridi.

Kutoka kazini ulituletea desturi moja. Huko, kila anayeingia hutundika ubaoni kibao chenye jina lake, na lango halifungwi mpaka kibao cha mwisho kitolewe. Ukatutengenezea ubao kama huo kando ya mlango: anayetoka hutundika kibao chake, anayerudi hukitoa, na wa mwisho ndiye anayefunga komeo.

Asubuhi ile ulitundika chako. Bado kinaning'inia. Mwaka mzima Mama hajakubali komeo lifungwe.

Tonton Lucien, mdogo wako, alimwambia, "Shemeji, wezi wa Saint-Gilles hawasomi ubao."

"Rigobert hajarudi," Mama akajibu. "Sheria ni yake."

Wiki iliyopita alikuja Marie-Jeanne, mwenzako wa pampu. Mama alimuuliza kazini hufanywa nini mtu asipoweza kutoa kibao chake mwenyewe.

"Anakitoa yule aliyekuwa akifanya naye kazi," alisema. "Anataja jina lake kwa sauti, wote wasikie. Kisha lango linafungwa."

Mama aliugeukia mlango. "Basi ni mimi," akasema.

Unakumbukwa na mkeo Kasoki, watoto wako Jémima na Noé, mdogo wako Lucien, na wenzako wa chini ya bahari. Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu, Papa.

Misa ni leo saa kumi alasiri. Tukirudi nyumbani, Mama atataja jina lako, atakitoa kibao, na komeo litafungwa.