Yule Mtoto Wako wa Koti Jekundu

Baba,

Tumekuzika, watu wamerudi makwao, na redio yako imechukuliwa. Nitakueleza. Lakini kwanza niseme lililonikaa rohoni: namwonea wivu yule mtoto wako wa Uchina, na kufa kwako hakujanipunguzia hata kidogo.

Unajua ninayemsema. Yule wa koti jekundu, anayekula tambi kando ya kinyozi wa barabarani. Slaidi zile, vipicha vya kutazamia kwenye mwanga, ulipewa na dereva Mmarekani mliyelazwa naye hospitalini India, ulipokuwa askari katika vita vya Burma. Alikuwa akipeleka malori ya jeshi mpaka Uchina, na njiani alipiga picha za rangi za watu wa kawaida: wauza mboga, mafundi viatu, watoto. Kila Krismasi ulitoa boksi, ukatupanga dirishani, ukatuinulia kwenye mwanga moja moja. Ikifika zamu yake hata sauti yako ilibadilika. "Huyu binti yangu," ulikuwa ukisema, "mpaka leo hajamaliza chakula chake." Wageni wanacheka. Mimi, binti yako wa kunizaa, nimesimama na sahani zao mkononi.

Mimi ulinipeleka studio Old Kampala nikiwa msichana mkubwa tayari, na gauni langu la njano. Picha ikatoka nyeusi na nyeupe. Ukasema mwakani tutapiga ya rangi. Huo mwakani ulipofika, yule Mhindi wa studio akafukuzwa nchini pamoja na wenzake, na sasa hata sabuni hatupati, seuze filamu ya rangi. Koti lake yeye bado ni jekundu. Inaniuma, Baba. Inaniuma kitoto, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto.

Baada ya mazishi shangazi alisema tuzichome slaidi zako. Wachina ni marafiki wa Tanzania, waasi wamekimbilia Tanzania, nasi ni Waacholi, kabila ambalo serikali inalishuku, tena nyumba ya askari wa zamani. Nani angetuelewa? Sikubishana naye. Nilikwenda kuwasha jiko upesi, tena kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mkaa ulikuwa umeshika askari waliposimamisha gari mlangoni. Walipekua godoro, wakapekua unga, wakafika kwenye boksi. Mkubwa wao akachomoa slaidi, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Kati ya zote, akampata yeye.

"Huyu mutoto ni ya nani? Nyinyi iko na Wachina ya Tanzania?"

Shangazi akaanza kulia. Ningeweza kusema, afande, chukua, hizo tunazichoma, jiko lile pale. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Huyo ni dada yangu. Baba alimpenda kuliko mimi."

Sikuwa naigiza. Machozi yalinitoka, ya hasira, ya miaka yote ile, mbele ya watu wenye bunduki.

Akanitazama. Akamtazama tena yeye, kisha picha yako ya sare ya vita ukutani. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta. "Muzee yako alizaa mpaka Uchina!" Aliamini, Baba. Askari anamjua askari mwenzake, anajua watoto wanavyoachwa kila kambi. Akasema yeye mwenyewe ana mmoja Mbarara, hajawahi kumwona. Hapo kicheko kikamwisha. Akanirudishia slaidi mkononi, taratibu, kwa kuishika pembeni kama ulivyokuwa ukitufundisha, wakabeba redio wakaenda zao.

Yale makaa tulichemshia chai, isiyo na sukari.

Haya, Baba, lala salama. Yule nitamtunza, hakuna atakayemtia motoni nikiwa hai, si shangazi, si mimi. Ila huko uliko, wakikuuliza mabinti zako ni akina nani, nitaje mimi kwanza.

Binti yako,
Atim