Nukta Nyekundu Mlangoni kwa Mama Zaituni

Mama yangu,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Soma wewe na Juma tu, kisha uitie barua hii kwenye moto wa sigiri. Nakusihi, hata shangazi asisikie neno.

Assalamu alaikum. Goti limepoa? Mimi mwili mzima.

Unakumbuka kazi niliyopata polisi hapa Arua. Watu wakiibiwa huandika taarifa, nami natia nukta nyekundu kwenye ramani ya kompyuta, pale wizi ulipotokea. Nukta zikirundikana, wakubwa wanajua pa kupeleka askari. Niliipenda kazi hii, Mama. Niliona inalinda watu.

Siku hizi zinakuja taarifa nyingi za pikipiki zilizoibwa hapo kwetu Koboko, njia ya Oraba. Njia ile haina namba za nyumba. Mwenye pikipiki mmoja alipofika ofisini nilimuuliza, "Iliibiwa wapi hasa?" Akanicheka.

"Karani, wewe iko mugeni? Ni kule, unapita kwa Mama Zaituni wa mandazi. Mutu yote anajua!"

Na wengine wameandika hivyo hivyo: kabla ya kwa Mama Zaituni, mbele ya kwa Mama Zaituni, mbali kidogo na kwa Mama Zaituni. Kompyuta haijui "mbali kidogo". Inataka mahali pamoja. Basi, kwa kuwa Mama Zaituni ndiye wewe, kila mara nilibonyeza mlango wetu. Nilitia moja moja, siku mbalimbali, nisione kitu.

Jana mkubwa wangu aliitandaza ramani nzima ukutani. Koboko yote nyeupe, nyumba yetu imeiva nyekundu kama jipu.

"Kumbe hawa wezi iko na mama yao!" akasema, na ofisi nzima ikacheka. Kisha mmoja akaongeza, "Tena pale kuna kijana anafungua mapikipiki uani."

Kijana huyo ni Juma wetu, na spana zake, akitengeneza pikipiki za watu.

Niliinamia kompyuta yangu. Niliogopa wakijua ni kwetu watasema naficha ndugu. Leo Jumanne. Askari wanakuja huko Alhamisi.

Juma asikimbie, wala asihamishe hata boliti. Anayekimbia amejihukumu. Awaite wenye pikipiki zilizo uani, waje na karatasi zao, wakae nazo siku hiyo. Nami kesho asubuhi nitampelekea mkubwa zile taarifa, nimsomee maneno ya watu yalivyo, nimwambie nyumba ni ya nani. Nukta nilizitia mimi.

Msalimie bibi, dua zake nazihitaji. Na dada Zaituni, ambaye jina lake limegeuka kibao cha njia.

Mwanao,
Rajabu

Usinipigie simu, tunakaa meza kwa meza. Jibu kwa mkono wa dereva huyu huyu aliyekuletea barua. Akikuuliza njia ya kwangu, usimwambie "pale karibu na kwa fulani". Mwambie aanzie kwenye kisima, ahesabu milango sita mkono wa kulia, na asitaje nyumba ya mtu yeyote.