Fimbo za Mbaazi na Moyo wa Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiota moto jikoni, maana najua ukungu wa Karatu asubuhi haubishi hodi. Mguu wa Baba unaendeleaje? Mimi mzima, ila baridi ya Ujerumani imenifanya niikumbuke ile yetu kwa mapenzi. Ya kwetu ina moshi wa kuni na maziwa ya moto. Ya huku ina kimya tu.

Juzi kazini nilikukumbuka mpaka machozi yakanitoka. Unajua tunapima saa za mkononi zinazosoma mapigo ya moyo, kama hiyo aliyokuletea kaka Paulo kutoka kwa mgeni wake wa safari. Ili tujue kama saa inasema kweli, mtu anabandikwa pia kifuani waya za mashine ya ECG, inayochora kila pigo la moyo, kisha tunalinganisha. Tuliambiwa tuchague moja ya kuaminiwa kati ya mashine mbili, kubwa na ndogo. Mwenzangu Greta aliitaka ile kubwa ya hospitali.

"Hii haikosei," alisema.

Kweli haikosei, mtu akiwa amelala. Lakini nani anavaa saa ili alale?

Basi nikavaa saa, nikabandikwa waya za mashine zote mbili, nikachukua mpini wa ufagio, nikaanza kupura mbaazi zisizokuwepo. Mama, ungecheka! Nilifumba macho nikaona turubai uani, Mama Tluway jirani yetu akianzisha wimbo, fimbo zikishuka pamoja, vumbi la maganda, na togwa ikitusubiri kivulini. Jinsi nilivyotamani kuwa pale! Mashine kubwa ikachora mikwaruzo isiyosomeka. Ile ndogo ya kufunga kiunoni, waya zake tukiwa tumezibana kwa plasta, iliendelea kuchora vizuri. Tukaichagua hiyo.

Kicheko kiliniisha nilipotazama saa. Mashine ilisema moyo wangu unakimbia. Saa ilisema unakwenda taratibu, sawasawa na fimbo. Nikaharakisha fimbo, nayo ikaharakisha. Nikapunguza, nayo ikapunguza. Ilikuwa inahesabu mkono wangu, si moyo.

Ndipo nikakumbuka maneno yako kwenye simu: "Kliniki ya nini tena, mwanangu? Kizunguzungu ni cha jua tu. Hata nikipura mbaazi, saa inasema moyo unakwenda sawa na fimbo za wenzangu." Siku ile tulicheka wote. Sasa naogopa, Mama.

Nakuomba rudi hospitali wiki hii. Paulo akupeleke kabla hajawashusha watalii wake kreta kuona wanyama. Waeleze kwamba kizunguzungu kinakuja ukifanya kazi, si ukikaa, ili wasikupime ukiwa umelala tu. Kwanza watakulaza kitandani na kukubandika waya. Ni baridi kidogo, usimkaripie nesi. Na dawa ulizopewa usiache. Mbaazi zitapurwa na majirani, hazijawahi kukimbia.

Nisalimie Baba, Paulo na mkewe, na shangazi wa Mbulu asiyemaliza chai bila kusimulia tembo walioingia shambani kwake. Mama Tluway mwambie wimbo wake umefika Ujerumani.

Saa usiitupe, inakupendeza kanisani. Nikija likizo, niachie nafasi yangu kwenye turubai, upande wako wa kushoto, wenye mkono wa saa. Nitaifungua mwenyewe kabla hatujaanza kupura.

Ni mimi binti yako,
Veronika