Generoza alipitia mtoni

Jumamosi, 1995

Bado namfikiria Generoza, nahodha wangu wa mpira wa kikapu. Tangu vita vianze ligi ya vijana imebaki na timu nne, na leo tumeshindwa bila kucheza. Wanatakiwa wachezaji watano, nami nilikuwa na wasichana wanne. Mwamuzi alingoja robo saa, akawapa wenzetu ushindi, akaenda zake.

Generoza alifika saa saba mchana, jezi ndani ya kitenge, miguu imejaa matope. Askari wamefunga barabara ya Kamenge, mtaa wa kwao, kwa hiyo alipitia mtoni.

"Mwalimu, wamemaliza?"

Nikamwambia wamemaliza. Nikamwomba alale kwangu, Buyenzi.

"Apana, mwalimu. Mama iko peke yake."

Akarudi njia ileile. Jioni tulisikia risasi upande wa huko. Sasa hakuna ruhusa ya kutoka nje, na kwao hakuna simu. Nimekaa tu.

Alhamisi nilipandwa na hasira, nikawaambia wote kwamba atakayekosa mechi ya leo, nafasi yake nitampa mwingine. Wale wanne wanakaa hapa jirani. Maneno yale yalimhusu yeye tu, nami nilijua.