Sikio la Kushoto

Jumatatu, 5 Juni

Kiwanja cha shule, Ibanda. Ukungu wa ziwa, baridi mpaka kwenye meno. Miondoko ya mbio tena. Papa Kahasha, mwalimu wetu wa mbio, anasimama nyuma yetu na mbao zake mbili, anazipiga moja kwa ingine, pah, sisi tunaruka. Tena. Tena. Yeye alikimbia wakati wa Wabeleji, bila viatu, na hajui neno "basi".

Mugaruka, mwenzangu wa mazoezi, hakunipita hata mara moja leo. Bado mwanafunzi, miguu mirefu, kiburi kidogo. Bukavu imetoa wawili kwa michezo ya Afrika. Mimi: cent mètres, zile mita mia, na relais, mbio ya kupokezana fimbo. Yeye: relais tu. Na kama mimi naumia, anachukua cent mètres yangu. Anajua. Najua.

Halafu nilinawa, nikaenda kufundisha gymnastique watoto wenye kupiga miayo. Mwili iko muzuri. Sijawahi kuwa mwepesi hivi.

Alhamisi, 8 Juni

Nilianza kutetemeka nikiwa nimeinama kwenye mustari. Nilifikiri ni baridi. Papa Kahasha alinishika shingo, akatupa mbao chini. Homa.

Nabintu, mke wangu, amenileta dispansere. Malaria. Mwandiko mubaya, mukono unacheza.

Jumanne, 13 Juni

Nimerudi nyumbani, Bagira. Wamenipa dawa ya kinini kwa serumu, ndani ya mushipa, nyingi, siku zote zile. Homa imeisha. Miguu ni ya mutu mwingine.

Na masikio yanalia. Kama radio katikati ya steshoni mbili. Infirmier, muuguzi wa pale, alisema ni kinini, itapita yenyewe. Nabintu aliniletea bouillie ya unga, akasema kitu. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikaitika tu.

Ijumaa, 16 Juni

Kiwanjani tena. Papa Kahasha alipiga mbao, Mugaruka akaondoka, nami nikaondoka nyuma yake. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu vilevile.

"Bisimwa! Unalala?"

Nikasema ni udhaifu.

Nyumbani nilifunga mulango, nikasugua vidole karibu na sikio la kuume. Nasikia, mbali. Sikio la kushoto: hakuna. Nikapiga makofi pale pale. Nikahisi upepo wa mikono yangu kwenye shavu. Sauti hapana.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu sitasema popote.

Jumapili, 18 Juni

Misa. Kwaya ilikuwa inaimba kama iko ng'ambo ya ziwa, kule Rwanda. Nilisimama watu wakiketi.

Njiani Nabintu alinisimamisha.

"Tangu lini hausikii?"

"Nasikia."

"Nimekuita jina mara tatu pale mulangoni. Hata maman wa maandazi aligeuka. Weye hapana."

Nikamwambia basi ni kweli, kushoto limekufa. Akasema nimwambie Papa Kahasha, na mukubwa wa michezo wa région. Nikamuuliza kama anataka nikose michezo. Nikapandisha sauti mbele ya watu. Sikujua ni kubwa vile, sauti yangu mwenyewe siipimi tena.

Alichukua kitambaa chake begani, akatangulia. Nimefanya vibaya.

Jumatano, 21 Juni

Nimemwambia Papa Kahasha. Nyuma ya stoo ya shule, hakuna mutu. Nilingoja akasirike. Ningependa akasirike.

Alitazama mulango wa stoo kama umefungwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Nabintu."

"Basi inabaki vile. Mukubwa akisikia, atatia mutu wa Kinshasa. Hata Mugaruka hatampa. Kivu itabaki bila kitu. Utanyamaza, mutoto wangu. Itapita."

Kila mutu anasema itapita. Hakuna anayeniambia lini.

Jumamosi, 24 Juni

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Mutaa wote barabarani na majembe, kuzibua mifereji, nyimbo za Chama juu ya kazi. Vumbi. Nilikuwa nachota udongo, mugongo kwa barabara.

Halafu shati langu likanivuta nyuma, nikaanguka chali. Lori la mawe lilipita kwa kinyumenyume mahali nilipokuwa nimesimama. Niliona gurudumu karibu nami kama sahani ya chakula.

Aliyenivuta ni Mugaruka. Alikuwa ameita. Dereva alikuwa amepiga honi. Wote walikuwa wamepiga kelele.

Mugaruka alinitazama usoni, halafu akatazama sikio langu. Alichukua jembe lake, akaendelea na kazi.

Sasa anajua. Nafasi yangu iko mukononi mwake. Ananikasirisha kwa kunyamaza kwake.

Jumatatu, 26 Juni

Mugaruka amekuja nyumbani saa ya jioni. Nabintu alimpa kiti, akatoka kwenda kwa jirani. Makusudi.

Nikamuuliza mara moja: "Utasema?"

"Kusema nini?"

"Unajua."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Ile nafasi minaitaka. Kabisa. Lakini Papa Kahasha amenieleza, hata nikisema, banaleta mutu wa Kinshasa. Na hata kama bangenipatia mimi, minataka nikushinde na miguu. Hapana malaria ikushinde, mimi niokote."

Akaniambia nigeuke, akakaa nyuma yangu. Akanionyesha: kichwa chini, lakini jicho kwenye mikono ya mutu wa pembeni. Mikono ikiruka, ruka. Na kwa relais, mimi ninakimbia wa pili, yeye wa tatu. Yule wa kwanza akinikaribia hatapiga kelele "hop" kama kawaida. Nitageuza kichwa, nitaitazama ile fimbo mpaka iingie mukononi.

"Utapoteza hatua moja," akasema. "Utairudisha. Sote tunakujua."

Tulifanya kwa kijiko cha mbao cha Nabintu, sebuleni, mpaka alipokuja kukidai apike ugali.

Jumamosi, 1 Julai

Kavumu, kiwanja cha ndege. Ndege ya saa mbili iliondoka saa saba. Nabintu alikuja mpaka kwenye kizuizi. Alinikamata uso kwa mikono miwili, akasema polepole, ili nisome midomo: "Waambie."

Sijawaambia. Mukubwa wa michezo ameketi viti viwili mbele yangu, koti ya abacost mupya, anacheka na kila mutu. Ndege ilipopanda sikio la kuume nalo likaziba. Nusu saa sikuwa na dunia. Nilikamata mikono ya kiti na jasho likanitoka.

Jumatano, 5 Julai

Mji wa watu. Joto, nyumba nyeupe, hatuelewi lugha yao. Stade ya michezo kubwa kuliko kitu chochote nimeona.

Mbio ya kuchuja asubuhi. Mwenye bastola ya kuanzisha mbio anasimama kushoto. Upande wangu uliokufa. Niliikamata sauti kwa sikio la kuume, nyembamba, kama kijiti kinavunjika. Nimetoka wa mwisho, nimefika wa pili. Nimepita.

Mukubwa alinikumbatia, akanena kitu kwenye sikio la kushoto. Nikatabasamu. Mungu anajua alisema nini.

Nusu-fainali ni kesho.

Alhamisi, 6 Julai

Niandike yote sasa, kama sivyo sitaandika kamwe.

Couloir ya pili, ndiyo njia yangu. Mwenye bastola kushoto tena, muzee mwembamba wa koti nyekundu, juu ya kijukwaa chake cha mbao. Nikapiga magoti. Masikio yalikuwa yanalia kuliko siku zote. Nikafanya kama Mugaruka: kichwa chini, jicho kwa mikono ya mutu wa couloir ya tatu.

Mikono ikaruka. Nikaruka.

Sijawahi kutoka vile. Nchi yenyewe ilikuwa inanisukuma. Mwanzoni yule wa tatu alikuwa mbele yangu kidogo, halafu hayuko. Nikasema, nimemupita. Sikuona mutu kushoto. Sikuona mutu kuume. Nikasema, nimewapita wote, mimi, Bisimwa wa Bagira. Kule mwisho watu walikuwa wananipungia mikono. Nikafikiri wananishangilia. Nikapasua mustari mikono juu.

Nikageuka.

Njia ilikuwa tupu. Wale saba walikuwa mbali kule, tulipoondokea, mikono kiunoni, wananitazama.

Yule wa couloir ya tatu alikuwa ameondoka mapema. Bastola ilipigwa mara ya pili kuturudisha. Wote waliisikia. Stade nzima iliisikia. Mimi hapana. Nimekimbia cent mètres yote peke yangu, kwa nguvu yangu yote.

Kicheko nilikiona kabla ya kukisikia. Meno. Watu wanapigana mabega. Kurudi ni kwa miguu, polepole, mbele ya watu wote wale. Nilitaka kufa. Naandika bila kuongeza: nilitaka kufa.

Karibu na uzio Mugaruka alikuwa ameshuka. Aligusa sikio lake, akafungua mukono. Waambie. Nilikataa kwa kichwa.

Nilipofika, muzee wa koti nyekundu aliteremka. Akaniuliza kitu kwa lugha yake. Hakuonekana mukali. Sijui ni nini kilinishika. Nikagusa sikio langu la kushoto, nikatikisa kichwa: hakuna. Nikagusa la kuume: kidogo.

Alinitazama. Halafu akakiinua kijukwaa chake mwenyewe, akakivusha njia nzima, akakiweka upande wa kuume. Mutu mwenye kitambaa cha jury, cha waamuzi, alikuja mbio kuuliza. Muzee alimjibu neno moja. Yule akarudi.

Wakatuita tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha, au sikukisikia.

Safari hii niliisikia bastola. Wazi, kavu, yote. Niliondoka pamoja na wao. Lakini miguu ilikuwa imeisha kutumika. Katikati waliniacha mmoja mmoja. Wa sita. Fainali nimeikosa.

Yule muzee alishusha bastola, akanipigia saluti. Hapo ndipo nililia.

Ijumaa, 7 Julai

Mukubwa alituita chumbani mwake. Mimi, Papa Kahasha, Mugaruka. Hakuwa anacheka tena. Alisema nimechekesha Zaïre mbele ya Afrika. Alisema kwa relais atatia mutu mwingine. Aliuliza nani alikuwa anajua.

Nikafungua kinywa. Papa Kahasha akasimama mbele yangu, kofia mukononi.

"Citoyen, aliniambia mwezi uliopita. Ni mimi nilimwambia anyamaze. Kama kuna mutu wa kurudishwa nyumbani, ni mimi."

Sijawahi kuona muzee yule ameshika kofia mukononi mbele ya mutu.

Mukubwa alimtukana. Muda murefu. Papa Kahasha alisimama tu. Mukubwa alipomaliza, Mugaruka akasema, kwa upole wa kushangaza: "Citoyen, kuya uone. Halafu utaamua."

Tulienda wote kwenye uwanja wa mazoezi, wale wanne wa relais. Mukubwa na viatu vyake vya kung'aa kwenye majani. Hakuna mutu aliyesema "hop". Mutu wa kwanza alikuja mbio, nikageuza kichwa, nikaona fimbo, nikaikamata, nikaondoka, nikaitia kwa Mugaruka. Tena. Tena. Fimbo haikuanguka hata mara moja.

Mukubwa alipangusa jasho. "Ikianguka kesho kutwa," akasema, "nyinyi wote mutarudi Bukavu kwa miguu." Akaondoka.

Hakusema ndiyo. Lakini jina langu halikufutwa.

Jumapili, 9 Julai

Relais, fainali.

Niligeuza kichwa mapema, nilimwona wa kwetu anakuja, uso wote umejikunja, fimbo inakua, inakua. Ikaingia. Nilipoteza ile hatua. Nikaifuata. Wawili walikuwa mbele yangu. Mmoja nikamrudisha nyuma. Sikusikia stade, sikusikia pumzi yangu, ila ule mulio wa radio kichwani, na mara ya kwanza haukunisumbua. Kiganja cha Mugaruka kilikuwa pale wazi, kikubwa kama sahani. Nikaitia.

Alikimbia kama mutu anayefukuzwa.

Wa mwisho wetu alipitwa kwenye mustari, kifua kwa kifua. Wa nne.

Hakuna medali ya wa nne. Mugaruka aliketi chini, akafunika uso na singlet. Mimi nilicheka. Sielewi. Papa Kahasha alikuja akakaa katikati yetu, akaweka mukono mmoja kwa kila shingo.

Jumatano, 19 Julai

Bukavu. Vumbi la kiangazi kwenye majani ya ndizi, kwenye mabati, kwenye chai.

Leo nilikwenda kwa docteur. Alipiga kichuma kikalia, akakiweka huku na huku masikioni. La kuume linarudi, pengine lote. La kushoto hapana. Aliandika haya kwenye karatasi pia, kwa kuwa alifikiri sikumwelewa. Nilimwelewa.

Mugaruka amepita kuniuliza kama nitakuwa kiwanjani Jumatatu. Anataka tushindane sasa, kwa kweli. Nimesema ndiyo.

Jioni tulitembea na Nabintu mpaka kule barabara inapoanza kuteremka ziwani. Alikuwa anasimulia habari za shangazi yake wa Walungu, mbuzi, shamba, ugomvi wa mupaka. Nilikuwa nasikia kila neno, bila kuuliza mara mbili. Tulipofika mbali ndipo nikaona sababu. Kila tunapogeuka, yeye anazunguka nyuma yangu, anakuja kuume. Hakatishi maneno. Wala hanitazami kuona kama nimetambua.

Nilimwacha aendelee na mbuzi wa shangazi.