Mashapo ya Chupa ya Mwisho

3 Februari

Kwako wifi yangu Sindano,

Habari za hapo nyumbani? Mgongo unasemaje, na cherehani bado inakupeleka mbio? Mimi mzima, mikono tu ndiyo imekauka kwa unga. Kazi ya mikate ni ileile, joto la tanuri na kelele za msimamizi, hakuna jipya.

Nimeamua kushika kalamu kwa sababu kwenye simu hatuongei. Mimi nikisema "wifi," wewe unalia. Wewe ukilia, mimi nakata. Karatasi angalau itatuvumilia.

Kinachonisumbua ni hiki. Siku mliyomzika kaka, mimi nilikuwa mbele ya tanuri napanga trei, kwa sababu ruhusa ilinyimwa. Wenzangu walinipa pole, wakaendelea na kazi. Tangu siku hiyo sijalia ipasavyo. Najua amekufa kama mtu anavyojua habari aliyoisoma gazetini. Kuna kitu kimekwama hapa kifuani na hakishuki.

Juzi nikaikumbuka bia yake. Unajua tulianza pamoja, kabla hujaja kutuvuruga. Kaka ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutengeneza mafriji. Akaleta ndoo nyeupe yenye kifuniko, mimi nikaiba sufuria kubwa ya mama, tukajifungia chumba cha kufulia tukachemsha kimea mpaka kuta zikatoka jasho. Chupa za kwanza zilipasuka zote ndani ya kabati la mashuka. Mama alitufulisha mashuka yale huku akituuliza kama tumekuwa walevi au wehu, tuchague moja. Kaka akamjibu, "Mama, tupe muda, tutakuwa vyote viwili."

Nataka kuipika huku, ile ya kahawia yenye nazi. Nikiionja labda nitaamini. Lakini mambo ya nazi yalianza nikiwa nimeshaondoka, na nilipokuja likizo nikaionja nikamuuliza, alisema, "Hiyo ni idara ya mwenye nyumba." Basi mwenye nyumba, nieleze. Na kama kuna chupa yoyote iliyobaki, niambie pia.

Wifi yako,
Mkate


27 Februari

Wifi Mkate,

Barua yako niliisoma nikiwa na pini mdomoni, nusura nizimeze. Mimi sijambo, mgongo ndio unaojiamulia. Wateja wapo, kila mmoja anataka nguo yake jana.

Eti nilikuja kuwavuruga. Niliwakuta mmeshavurugika.

Ndoo yake ipo stoo. Yule fundi mwenzake wa karakana alikuja kuiomba, akasema anataka kuloweka vipuri. Nilimpa chai nikamwonyesha mlango. Mambo mengine walinisaidia sana. Akina mama waliokuja msibani waliosha nyumba nzima, wakasugua hata ndani ya friji. Kulikuwa na gudulia lenye matope ambalo ndugu yako alinikataza kuligusa miaka yote, nalo wakalimwaga wakaling'arisha. Sasa naweka vifungo humo.

Kuhusu nazi, ilianza kwa wizi. Nilikuwa nimekaanga nazi ya biskuti zangu, nikageuka kuchukua siagi, kurudi sahani tupu. Mtu kasimama na kifuniko cha ndoo mkononi, uso wa malaika. Nilimnunia mpaka chupa zilipofunguliwa. Unajua mimi bia naiona maji machungu tu, lakini nilipowaona wageni wanakunywa halafu wanafumba macho, nilijua wanafumbia nazi yangu. Tangu hapo hakuruhusiwa kushika kikaango. Alikuwa na haraka, na nazi haitaki haraka.

Fanya hivi. Nazi iliyokunwa, kikaango kikavu, moto mdogo, na usiondoke hata mlango ukigongwa. Itanukia maziwa, endelea. Itanukia biskuti, endelea kukoroga. Ikifika rangi ya bahasha ya kaki, iondoe kabisa uimwage kwenye karatasi, maana kikaango huendelea kukaanga hata nje ya moto. Kunja karatasi, weka ubao juu, kisha ikalie. Ndiyo, ikalie. Mafuta ya nazi yasiponyonywa na karatasi yanaua povu lote. Ndugu yako alikuwa akiwaambia wageni kwamba povu la bia yake linatokana na makalio ya mke wake, na mimi nimesimama hapohapo na trei. Baada ya hapo itie kwenye mfuko wa kitambaa, uuzamishe ndani ya ndoo bia ikishatulia.

Chupa imebaki moja. Nyingine walizimaliza marafiki zake siku ya msiba. Hii niliificha nyuma ya mtungi wa mchele. Kila asubuhi nikichota mchele naiona, tunasalimiana, siku inaanza. Hiyo haifunguliwi, nakuambia mapema usije ukaniomba.

Wifi yako,
Sindano


19 Mei

Wifi yangu Sindano,

Natumaini u mzima na wateja wamekupunguzia haraka. Mimi naendelea. Nazi yako nimeikaanga na nimeikalia. Mwenzangu ninayeishi naye chumba kimoja aliingia akanikuta nimekaa juu ya ubao katikati ya jiko, akarudi nje bila kuuliza.

Bia ilitoka nzuri. Povu limesimama, rangi ndiyo yenyewe, nazi inakuja mwishoni taratibu kama ulivyosema. Wenzangu wa kazini waliimaliza wakaulizia nyingine. Mimi nilishindwa kuendelea baada ya funda la pili. Ni bia ya mtu nisiyemjua.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima nikikanda, na sababu nimeipata. Nilitumia hamira ya dukani. Kaka hakununua hamira tena tangu ile ya kwanza ya chumba cha kufulia. Kila akimaliza ndoo alichota mashapo ya chini, yale mazito yenye rangi ya udongo, akayahifadhi kwenye friji mpaka ndoo inayofuata. Na sisi kwenye mikate tunafanya vivyo hivyo, donge la jana linaumua la leo. Hamira ni kitu hai, wifi. Ikilishwa na mtu mmoja miaka mingi inakuwa na tabia zake, na ladha yake huipati kwa mwingine.

Nikaichukua barua yako kuisoma tena, nikafika pale kwenye gudulia la matope. Mara ya kwanza nilicheka. Safari hii nilikaa chini.

Siwalaumu akina mama wale, hata wewe sikulaumu, hakuna aliyekueleza. Lakini bia ya kaka haikuchujwa. Chini ya kila chupa huwa kuna utando mwembamba, na utando ule ndio hamira ileile. Katika chupa yako imelala. Haitalala milele, na hapo nyuma ya mchele kuna joto la jiko. Ifungue, wifi. Imimine bia taratibu pembeni, yale ya chini uyatie kwenye chupa safi yenye maji ya kimea yaliyochemshwa yakapoa, ufunike kwa kitambaa. Ikiamka, chovya karatasi safi, ianike kivulini ikauke, nitumie kwenye bahasha. Ikikauka inasafiri.

Najua ninachokuomba. Lakini kaka hayumo ndani ya chupa ile. Iliyomo ni hamira yake, na inakufa kwa sababu unaitunza.

Wifi yako,
Mkate


2 Agosti

Wifi,

Salamu. Nilimpigia yule fundi mwenzake kaka, akasema amekuona dukani unachagua nyuzi, unabishana rangi na muuzaji. Nikashukuru. Mkono unafanya kazi basi, ni mimi tu usiyetaka kuniandikia.

Una haki. Sikuja msibani, sikukushika mkono, halafu natoa amri kutoka mbali kuhusu kitu kimoja ulichobakiwa nacho. Nilikuwa naitaka ile ladha mpaka nikasahau kwamba wewe ndiye uliyefiwa zaidi yangu. Nisamehe.

Iache chupa ikae. Usiifungue kwa ajili yangu. Niandikie tu, hata kama ni matusi.

Wifi yako,
Mkate


14 Septemba

Wifi Mkate,

Pole na kazi, na pole kwa kusubiri. Matusi uliyoyaomba nilikuwa nayo tayari tangu Juni. Niliyaandika nikayachana, nikayaandika tena nikayachana. Yalikuwa mazuri, ungeyapenda.

Nilikasirika, sitakuficha. Tangu azikwe kila mtu ana la kunishauri. Gawa mashati. Pangisha karakana. Geuza kitanda, utalala vizuri. Nikawa najiambia angalau Mkate ananiuliza tu mambo ya nazi. Bahasha inayofuata ikaja na "ifungue." Niliiweka barua yako chini ya cherehani nikaikanyagia pedali.

Halafu wiki mbili zilizopita niliishusha chupa kuipangusa vumbi. Kizibo kimeshika kutu ukingoni. Na bia imeshuka, wifi. Ilikuwa shingoni, sasa iko chini ya bega, na hakuna aliyeinywa. Nilidhani naitunza, kumbe ilikuwa inaondoka yenyewe kidogokidogo nikiwa naisalimia. Hapo nikaogopa kuliko nilivyokuwa nimekasirika.

Nikazima cherehani, nikafunga mlango, nikaifungua. Haikulia kama zilivyokuwa zikilia chupa zake nyingine, ilitoa pumzi ndogo tu. Uliniambia niimimine pembeni. Pembeni wapi, kwenye sinki? Nikachukua glasi. Mimi huyu nisiyekunywa.

Ilikuwa imeungua. Nazi imeungua kabisa, ladha ya kikaango kilichosahaulika jikoni. Nikakunja uso, na nikiwa bado nimeukunja nikakumbuka. Ndoo ile ya mwisho aliipika nikiwa kwa dada yangu aliyejifungua. Nilimwambia asubiri nirudi niikaange mwenyewe. Akanipigia simu jioni, "Usijali, nimeshakaanga, imetoka kama ya kwako." Kama ya kwangu. Na wageni wakainywa hivyohivyo, hakuna aliyethubutu kusema, na mimi nisiyeonja nisingejua maishani.

Nilicheka, wifi. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna usalama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu azikwe. Kisha nikalia, kisha nikaimaliza glasi. Ilikuwa mbaya na sikuacha hata tone, nimemkumbuka yule mwongo hadi mifupa inauma.

Mashapo niliyafanya kama ulivyoelekeza, nikaiweka chupa dirishani. Ikawa kimya. Nilikuwa nikiamka naenda kuangalia kabla ya kunawa uso, kimya. Nikaanza kutunga moyoni barua ya kukuambia kwamba nimekawia na imekufa. Sikujua niianzeje. Nikiwa katika hali hiyo nampima mteja kiuno, jicho likaenda dirishani, nikaona kiputo. Nikamwacha mteja na tepu yangu mwilini. Kiputo kingine, na kingine, vinafuatana kutoka chini. Kufikia jioni povu lilikuwa limekinyanyua kitambaa. Nikaisemesha kama mtu, nikaiuliza ilikuwa wapi siku zote hizi. Mteja akasema anaweza kurudi kesho.

Humu ndani utakuta karatasi yenye madoa. Usiitupe ukidhani nimemwaga chai. Nyingine ipo kwenye gudulia ndani ya friji, vifungo nimevihamisha, na nimebandika maandishi makubwa: ATAKAYEOSHA HII TUTAONANA.

Nazi yako kaanga kwa njia yangu. Ya ndugu yako tumeshaionja, inatosha.

Wifi yako,
Sindano


20 Desemba

Wifi yangu Sindano,

Natumaini mgongo umepoa na gudulia liko salama. Mimi ni mzima, na leo nakuandikia nikiwa na macho yaliyovimba, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Karatasi yako ilifika imekunjika lakini kavu. Niliikata vipande, nikavitia kwenye chupa ya maji ya kimea, nikaiweka kazini juu ya rafu ya tanuri ambako kuna uvuguvugu. Msimamizi aliuliza ni nini, nikamwambia ni ndugu yangu. Akanitazama, akaondoka, na tangu siku hiyo hajanipigia kelele.

Iliamka. Nikapika, nikakaanga nazi kwa kufuata barua yako mstari kwa mstari, nikaikalia, nikatia chupani, nikasubiri. Leo ni siku yangu ya mapumziko na mwenzangu wa chumba ametoka. Nikafungua moja, nikakaa mezani.

Sijui kama niliwahi kukusimulia jinsi kaka alivyokuwa akinionjesha. Alinipa mimi kwanza, siku zote, kabla yeye hajaonja. Kisha alisimama mbele yangu akinitazama usoni, anangoja nimeze. Mimi nilikuwa nachelewesha makusudi ili ateseke. Halafu nainua macho, na kabla sijafungua mdomo yeye alikuwa ameshajua jibu, ameanza kucheka.

Nilikunywa funda moja. Ilikuwa yenyewe, wifi. Haikuungua, haikukosa kitu, ilikuwa ni yeye mtupu. Nikaimeza, nikainua macho nimwambie.

Palikuwa na kiti tu na ukuta. Nilikaa nikiutazama ukuta ule, na kile kilichokuwa kimekwama kifuani kikashuka chote kwa pamoja. Nililia kwa sauti, kama ambavyo ningelia hapo kwenu mbele za watu. Nimelia mpaka kumepambazuka kichwani mwangu kwamba kaka yangu amekufa, na kwamba wewe ulilijua hilo peke yako muda wote huu, nami nikikuandikia habari za hamira.

Kwa hiyo barua hii naomba uisome kama mtu aliyefika mlangoni kwako sasa hivi, mzigo bado uko begani. Nimechelewa sana. Pole, wifi yangu. Pole kwa kufiwa na mume wako.

Wifi yako,
Mkate