Nampenda Tovo au Honi Yake?

Mpendwa Mama Lalao, nakusikiliza redioni kila siku na leo naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule, niko nyumbani na mama hapa Antsirabe. Kuna kijana anaitwa Tovo anayeuza mtindi kwa baiskeli, ana honi ya mpira, nami nikiisikia tu kule kwenye kona moyo unaruka, natoka mbio hata kandambili sijavaa, mpaka majirani wananitania, "Haya bibi harusi, mumeo huyo!" Lakini akishafika mlangoni sina la kumwambia, na mtindi wenyewe siumalizi, nampa mdogo wangu. Siku baiskeli ilipoharibika alikuja kwa miguu, tukakaa kibarazani akanieleza habari za ng'ombe wa baba yake, na mimi, Mama Lalao, nikasinzia. Kisha juzi honi ikalia, nikatoka mbio nimechana nywele, kumbe Tovo amemwazimisha baiskeli mzee Ramanana, muuza mayai ya bata, na moyo ulikuwa unaruka vilevile! Mzee akaniuliza, "Mjukuu wangu, unanichekea mimi au mayai?" Sasa Tovo kwa kuona ninavyokimbia amewaambia wazazi wake, na Jumamosi wanakuja na msemaji wao kunichumbia, mama ameshafua vitambaa vya meza, na nikifungua mdomo ananiambia, "Nyamaza we, nani asiyejua unavyomkimbilia?" Je, moyo ukiruka hivyo si ndiyo mapenzi? Nikubali?

Mwenye Haya, Antsirabe

Mwanangu Mwenye Haya,

Nimecheka, nikakuonea huruma, kisha nikataka kukufinya sikio. Umejionea kwa mzee wa mayai, bado unaniuliza mimi?

Huumwi. Katika ubongo, njia inayotufanya tutamani kitu si ile inayotufanya tukifurahie. Watafiti waliwazoesha panya kwamba kifimbo kikichomoza ukutani, chakula kinafuata. Panya wengine huenda moja kwa moja kwenye chakula. Wengine hukivamia kifimbo, wakakilamba na kukitafuna. Wewe, mwanangu, ni wa kifimbo. Umetoka shule, mchana ni mrefu, na jambo pekee linalotokea mtaani kwenu ni hiyo honi.

Lakini haya zako zinanikera. Utampa kijana wa watu mke anayesinzia, eti kwa kumwogopa mama? Mwambie mama leo hii. Akikukatiza, msubiri amalize, kisha sema tena. Halafu mwite Tovo mwenyewe kabla ya Jumamosi, asije akaaibika mbele ya msemaji na ukoo mzima. Mwambie, "Tovo, wewe ni mtu mwema, lakini sitaki kuolewa nawe." Ishia hapo. Habari ya honi usiitaje kabisa. Hakuna mwanamume anayestahili kujua kwamba alishindwa na kipande cha mpira.

Kesho yake atapita, honi italia, na moyo utaruka tena, maana wenyewe haukusikia ulichosema. Uache uruke. Wewe kaa ulipo.